Sindano ya makunyanzi "inayoonekana palepale na kudumu mwaka mzima": ni dawa gani hii tunayouziwa Lubumbashi?

Mama wa Kampemba (Jumamosi, saa 2 usiku)

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mama wa miaka 51, nauza vitenge hapa mjini Lubumbashi, na nina jambo ambalo ningependa nisaidiwe na wenye ujuzi kabla sijatoa fedha zangu. Katikati ya nyusi zangu kuna mifereji miwili iliyosimama wima kama namba 11. Ilianza kidogo kidogo, na sasa imechimbika kiasi kwamba wateja huniuliza kama nimekasirika, na wengine hupita moja kwa moja hadi kwa jirani yangu ambaye, Mungu anisamehe, ana vitenge vibaya kuliko vyangu lakini uso wake umenyooka.

Mwezi wa nane binti wa dada yangu anaolewa. Mwenye saloni ninakosukia nywele ameniambia kwamba analeta sindano ya Botox "kutoka Ulaya" kwa dola 150, na dola 50 anazitaka mapema. Ameniahidi mambo matatu: kwamba matokeo yanaonekana palepale, kabla hata sijainuka kwenye kiti, kwamba yanadumu mwaka mzima, na kwamba bomba moja la sindano litatosha kunyoosha hapa katikati ya nyusi pamoja na mistari miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo.

Sikuja kuuliza kama ni dhambi kujipamba. Hilo nimekwisha kulijibu mwenyewe mbele ya kioo. Ninachouliza ni hiki: dawa hii ni nini hasa, inafanya kazi namna gani, na je, yuko mtu hapa aliyewahi kuchomwa ambaye anaweza kunieleza alichokiona?

Mzee wa Kipushi (Jumamosi, saa 3 usiku)

Mama, uso wenye mikunjo ni uso uliolea watoto na kuzika wazazi. Mimi ninao, mke wangu anao, na hakuna aliyetukimbia. Dola 150 ni mifuko mingapi ya unga?

Mama wa Kampemba (Jumamosi, saa 3 usiku)

Nimesikia, Papa, na ninakushukuru kwa heshima zote. Unga ninao. Swali langu lilikuwa juu ya dawa.

Mfamasia wa Kamalondo (Jumapili, saa 4 asubuhi)

Mama wa Kampemba, nimezisoma ahadi zako tatu na zote zimenitia wasiwasi, kwa sababu hakuna hata moja inayolingana na dawa iitwayo Botox. Niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa kuwa ukiijua dawa utaweza kumhoji muuzaji wewe mwenyewe bila kunisubiri mimi.

Botox ni jina la kibiashara. Kilichomo ndani ni toksini ya botulini, yaani sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Jina hilo lilitokana na neno la Kilatini la soseji, kwa kuwa mwanzoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani, Justinus Kerner, aliwachunguza watu waliodhurika kwa kula soseji zilizoharibika, na akafika hata kuwaza kwamba sumu hiyo, ikitolewa kwa kiasi kidogo sana, ingeweza kutibu. Mwaka 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wanamuziki waliokuwa wamepiga kwenye mazishi walikula paja la nguruwe lililohifadhiwa vibaya. Watatu wakafa, na profesa Émile van Ermengem ndiye aliyempata bakteria mwenyewe. Ndiyo sababu hadi leo tunaonywa tusile kopo lililovimba.

Sasa, inafanyaje kazi? Unapotaka kukunja uso, mwisho wa neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo ndiyo inayopeleka amri kwenye msuli. Toksini huingia ndani ya mwisho huo wa neva na kuikata protini moja, SNAP-25, ambayo isipokuwepo asetilikolini haiwezi kutoka. Amri imetolewa, lakini mjumbe amefungiwa nyumbani. Msuli unalegea, na ngozi iliyo juu yake inaacha kukunjwa. Haijazi kitu, haivuti ngozi, wala haifuti mfereji kama raba inavyofuta penseli.

Hapo ndipo ahadi ya kwanza inapoanguka. Kazi hiyo ndani ya neva huchukua muda: dalili za mwanzo huonekana baada ya siku moja hadi tatu, na matokeo hukomaa kwenye wiki ya pili hivi. Mtu akikuonyesha uso ulionyooka kabla hujainuka kwenye kiti, amekudunga kitu kingine. Ahadi ya pili nayo haisimami, kwa sababu neva hujirekebisha, na kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi minne msuli umerudi kazini. Tena maelekezo ya dawa yanakataza kuirudia kabla ya miezi mitatu kupita.

Ahadi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu. Mistari inayotoka puani hadi mdomoni haisababishwi hasa na msuli kukaza. Husababishwa zaidi na mashavu kupungua ujazo na kushuka kadiri miaka inavyokwenda. Wanaoitibu huingiza kijazio, ambacho wengi hukiita fila, na mara nyingi ni jeli ya asidi ya hialuroniki. Kijazio na toksini ni vitu viwili tofauti kabisa: kimoja hulegeza msuli, kingine hujaza shimo. Bomba moja linaloahidiwa kufanya kazi zote mbili, na kuonyesha matokeo palepale, lina uwezekano mkubwa wa kuwa kijazio, au kitu kibaya zaidi kuliko kijazio.

Nikuambie pia kwamba sina ugomvi na haja yako. Toksini hii iliingia hospitalini kwa mlango wa macho: Alan Scott wa San Francisco aliitumia kutibu makengeza, na mwaka 1989 Marekani iliiidhinisha kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Jean Carruthers, daktari wa macho wa Vancouver, akaona kwamba wagonjwa wake wa kope walikuwa wanapoteza makunyanzi ya katikati ya nyusi. Yeye na mume wake Alastair, ambaye alikuwa daktari wa ngozi, wakachapisha walichokiona mwaka 1992. Kibali cha Marekani kwa ajili ya urembo kilitoka mwaka 2002, na kilitolewa kwa mahali palepale unapopalalamikia wewe. Kwa hiyo umepachagua vizuri mahali, ila sina hakika na kilicho ndani ya bomba.

Nenda ukaombe uone boksi. Botox halisi huja katika kichupa cha yuniti 50, 100 au 200, kikiwa na unga mkavu mwembamba ambao karibu hauonekani, na huchanganywa na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kabla ya kudungwa. Huko Ulaya zimeanza kuidhinishwa aina za toksini zilizo tayari katika umbo la maji, kwa hiyo sisemi kwamba kila kilicho maji ni bandia. Lakini hata hizo hazifanani na jeli. Uliza pia jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho ya matumizi, na kama bidhaa hiyo ina idhini ya ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi yetu.

Binti wa Likasi (Jumapili, saa 9 alasiri)

Mimi nimechomwa, Mama, na nitasema bila kuficha. Nilikuwa Johannesburg kwa shughuli za kikazi, nina miaka 44, na mfereji wangu ulikuwa mmoja tu, ila mrefu.

Daktari alitumia muda mwingi zaidi kuniuliza kuliko kunichoma. Aliuliza kama nina mimba au ninanyonyesha, kama nina ugonjwa wowote wa misuli au wa neva, dawa ninazotumia, na kama nimewahi kuchomwa. Akaniambia nikunje uso, nishangae, nicheke, huku akiweka alama za kalamu. Kisha akafungua kichupa mbele yangu, akachanganya, na kunichoma mara tano: mara moja juu ya mzizi wa pua, na mara mbili kila upande. Nilihesabiwa yuniti 20, na niliambiwa kwamba hicho ndicho kipimo cha kawaida cha Botox kwa mahali hapo. Maumivu yalikuwa kama ya siafu watano waliopewa zamu. Niliagizwa nisisugue uso na nisilale chini kwa saa kadhaa.

Nilipojitazama jioni hapakuwa na mabadiliko yoyote, nikadhani nimeibiwa. Siku ya nne nilijaribu kumkunjia uso dereva wa teksi nikashindwa.

Siku ya tisa niliamka na kope la juu la jicho la kushoto limeshuka nusu. Niliogopa sana. Nilirudi kwa daktari, akanieleza kwamba dawa kidogo ilikuwa imesambaa hadi kwenye msuli unaoinua kope, kwamba katika majaribio ya dawa hii jambo hilo liliwapata watu wapatao 3 kati ya 100, na kwamba lingepita lenyewe. Akanipa matone ya jicho ya kusaidia kuinua kope kidogo. Ilinichukua wiki tatu na nusu kupona, na kwa wiki hizo nilivaa miwani ya jua hata kanisani. Simlaumu, kwa sababu alinionya kabla na alipatikana baadaye. Wewe jiulize kama mwenye saloni atakuwa na la kukujibu siku ya tisa.

Mwezi wa nne mfereji ulianza kurudi, ingawa haukuwa na kina kama cha mwanzo. Mume wangu hakuona lolote tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa lile kope.

Muuguzi wa Katuba (Jumapili, saa 1 usiku)

Ninashukuru kwa maelezo ya waliotangulia. Mimi nafanya kazi na chanjo, kwa hiyo nitasema juu ya kitu ninachopigana nacho kila siku, nacho ni baridi.

Kichupa cha Botox hutakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na kikishachanganywa kinarudishwa kwenye baridi hiyohiyo na kutumiwa ndani ya saa 24. Sasa tazameni safari yake hadi kwetu. Kimebebwa katika mkoba, kimekaa Kasumbalesa mpakani wakati malori yamesimama foleni, kimeingia katika friji ya saloni ambayo ina soda na samaki wa jioni, na umeme umekatika tangu asubuhi. Sisi kwenye chanjo tuna kipimajoto na daftari la kuandika joto mara mbili kwa siku, na bado tunapoteza vichupa. Nani anayeandika joto katika saloni? Toksini iliyopata joto haionyeshi kwa macho. Inapungua nguvu tu, na mchomaji akiona haifanyi kazi ataongeza kipimo. Akija siku nyingine na kichupa kizima, kipimo kilekile kitakuwa kikubwa mno. Iko aina moja, Xeomin, ambayo kabla ya kuchanganywa huvumilia joto la kawaida la chumbani, na nadhani ingetufaa zaidi sisi watu wa kukatiwa umeme, lakini ni lazima mtu ajue ameshika ipi. Tena yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine: katikati ya nyusi Botox ni yuniti 20, ilhali Dysport, toksini ya kampuni nyingine, ni 50, na anayezichanganya hizo hesabu anacheza na neva za mtu.

Jambo la pili ni dawa nyingine mwilini. Hapa kwetu watu huchomwa jentamisini, ile antibiotiki ya sindano, kwa kila homa, wakati mwingine bila hata cheti. Dawa za kundi hilo huongeza nguvu ya toksini kwenye misuli, kwa hiyo aliyetoka kuchomwa jentamisini anapaswa kusema kabla ya kuketi kwenye kiti. Mwenye miasthenia gravisi, yule ambaye misuli yake huchoka na kope kuanguka kadiri siku inavyosogea, asiguswe kwa shughuli ya urembo.

Jambo la tatu ni bandia, na msidhani ni tatizo la maskini peke yao. Mwaka 2024 Marekani yenyewe ilitangaza uchunguzi baada ya watu 22 katika majimbo 11 kuugua kufuatia sindano za toksini bandia au zilizodungwa katika mazingira yasiyofaa, na 11 kati yao walilazwa hospitalini. Baadhi ya maboksi bandia yaliyopatikana yaliandikwa yuniti 150, kipimo ambacho kampuni ya Botox haikitengenezi. Dalili za hatari ni kuona vitu viwiliviwili, kope zote mbili kushuka, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, na pumzi kuwa nzito, na zinaweza kuanza saa chache baada ya sindano au hata wiki kadhaa. Hapo mtu hukimbizwa hospitalini, hapelekwi kunywa maziwa. Na mjiulize, hapa mjini, saa 8 za usiku, kinga-sumu ya botulini mtaitoa wapi.

Dada wa Bel-Air (Jumapili, saa 2 usiku)

Naomba kuuliza kwa ufupi. Madukani ziko krimu zinazotangazwa kwamba zinafanya kazi "kama Botox" bila sindano. Je, haziwezi kumfaa Mama? Na je, sisi wenye ngozi nyeusi kweli tunahitaji haya mambo?

Mfamasia wa Kamalondo (Jumapili, saa 3 usiku)

Toksini ni protini kubwa mno, haivuki ngozi nzima kwa kupakwa, kwa hiyo krimu hizo hulainisha ngozi ya juu na basi. Katika msimu wa kiangazi, ule wa mwezi wa tano hadi wa tisa ambapo vumbi na upepo mkavu hutukausha kama samaki wa Mweru, kulainisha ngozi nako kuna faida yake, ila msuli hautasikia lolote.

Kuhusu ngozi nyeusi, melanini hutukinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya jua, ambalo ndilo huzeesha ngozi kuliko vitu vingi, na ndiyo maana makunyanzi madogomadogo hutujia tukiwa tumechelewa. Lakini makunyanzi ya kukunja uso hutegemea misuli, na misuli haina rangi. Ninachokiona dukani kwangu ni msiba mwingine: watu wanaojichubua kwa haidrokwinoni na kwa krimu za steroidi. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, na kuondoa melanini ni kubomoa ukuta huku ukilalamikia wezi, hasa katika mji wetu ulioko kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako jua huuma kuliko joto linavyoonyesha. Anayejichubua kisha akatafuta sindano ya makunyanzi analipa mara mbili.

Mama wa Kampemba (Jumanne, saa 1 usiku)

Nimerudi. Jana mchana nilikwenda saloni na maswali yenu nimeyaandika nyuma ya risiti.

Niliomba kuona boksi. Mwenye saloni hakukataa, lakini alilitoa kwenye droo, chini ya nywele za kusukia. Friji haikuhusika kabisa. Ndani hakuna kichupa wala unga. Kuna bomba la plastiki ambalo tayari limejazwa kitu kizito, cheupe kinachopitisha mwanga, na nilipoliinamisha hakikutiririka. Boksi limeandikwa kwa herufi ambazo si zetu, na upande mmoja kuna neno moja tu nililoweza kulisoma, nalo ni "beauty". Jina la kampuni sikuliona. Tarehe ya mwisho ipo, lakini imebandikwa juu ya nyingine.

Nikamwuliza nani atakayenichoma. Akasema ni binamu yake, ambaye amejifunza kwenye video. Nikamwuliza ni yuniti ngapi. Akaniambia, "Mama, hii haina yuniti, tunaweka mpaka ijae." Nilipouliza nifanye nini kope likianguka alikasirika, akasema wateja wake wengine hawamsumbui hivi, na kwamba kama ninataka hospitali niende hospitali. Alikuwa na mteja mmoja kwenye kiti, dada wa miaka thelathini na kitu hivi, ambaye alinisikiliza wakati wote bila kusema neno. Nilipotoka alinifuata nje. Ana uvimbe mgumu kama punje ya mahindi kwenye shavu la kulia. Alichomwa hapohapo mwaka jana, na kila akilalamika anaambiwa asugue.

Sijatoa zile dola 50. Lakini ningependa Papa mfamasia anieleze lile bomba lina nini, kwa sababu yule dada ameniuliza nami sikuwa na jibu.

Mfamasia wa Kamalondo (Jumanne, saa 3 usiku)

Mama, umefanya kazi ambayo mkaguzi hulipwa kuifanya.

Kilichomo ndani ya bomba lile siwezi kukijua nikiwa huku, wala yeye anayekiuza hakijui. Kwa maelezo yako kinafanana na kijazio. Kama ni asidi ya hialuroniki iliyo safi, mwili hukimaliza polepole kwa miezi mingi, na kuna kimeng'enya kiitwacho hialuronidasi ambacho daktari anaweza kukidunga ili kukiyeyusha. Kama ni silikoni ya maji, hakuna kimeng'enya. Hukaa humohumo, huweza kuhama, na mwili huweza kukizingira kwa vinundu vigumu hata baada ya miaka. Yule dada asisugue tena. Amwone daktari wa ngozi au wa upasuaji, aeleze wazi alichomwa nini, wapi na lini, na kama anaweza kupata picha ya boksi aende nayo.

Kuna neno lililobaki, nami sikulisema siku ile kwa sababu nilikuwa bado ninatumaini kwamba ni toksini iliyosifiwa kupita kiasi. Ulikuwa unataka kuchomwa katikati ya nyusi. Mahali hapo, pamoja na puani, ni miongoni mwa sehemu za uso zenye hatari kubwa kuliko zote kwa kijazio. Mishipa midogo ya damu inayopita chini ya ile mifereji yako miwili imeungana na mishipa inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa kwa msukumo wa bomba, inaweza kurudi nyuma hadi nyuma ya jicho, ikaziba damu, na mtu akapofuka jicho hilo papo hapo, akiwa bado ameketi kwenye kiti. Mara nyingi uoni huo haurudi hata mbele ya madaktari waliojiandaa. Toksini ikikosewa mahali palepale, kope linashuka kwa wiki chache, kama alivyosimulia Binti wa Likasi. Sasa unaona kwa nini nimelishikilia jina la kilicho ndani: sehemu ileile ya uso, sindano ileile, na tofauti ni kati ya kuvaa miwani ya jua kanisani na kushikwa mkono kuelekea kanisani.

Mama wa Kampemba (Jumanne, saa 4 usiku)

Nimesoma mara mbili. Nimemtumia yule dada.

Muuguzi wa Katuba (Jumatano, saa 12 asubuhi)

Mama, kabla hujaamua lolote, swali ambalo huenda likaonekana la kijinga: daftari lako la hesabu unalisoma kwa miwani?

Mama wa Kampemba (Jumatano, saa 7 mchana)

Sina miwani, dada yangu. Ninalisogeza mbali kidogo, ninakaza macho, ninaliona. Na kibanda changu kinatazama magharibi, jua la alasiri linanipiga usoni hadi ninapofunga.

Muuguzi wa Katuba (Jumatano, saa 11 jioni)

Nilidhani hivyo. Baada ya miaka 40 na kitu lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, maandishi ya karibu yanakuwa na ukungu, na mtu hukunja nyusi ili ajisaidie. Wewe umekunja nyusi siku nzima juu ya daftari, kisha ukazikunja tena mbele ya jua. Miwani haitafuta mifereji iliyokwisha kuchimbika, nisikudanganye. Lakini hata ukipata toksini iliyo bora kuliko zote, ikiisha baada ya miezi minne utarudi kukunja uso juu ya daftari lilelile. Pima macho kwanza, na uweke turubai upande wa magharibi.

Mama wa Kampemba (Jumamosi, saa 2 usiku)

Nimepimwa macho Alhamisi, nimepewa miwani ya kusomea. Nimegundua kwamba kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika 3 mahali pa 8 kwenye madeni ya watu, na baadhi yao walijua na hawakusema.

Mifereji ipo palepale. Harusini nitapigwa picha nikiwa na uso wangu huu. Lakini sijaliacha wazo. Mwezi wa kumi na moja nina safari ya kununua mali Johannesburg, na nimeanza kuweka dola 20 kila wiki. Binti wa Likasi, nisaidie: nitamjuaje daktari wa kweli kule, nisije nikavuka mipaka mitatu kwenda kukutana na binamu mwingine wa video?

Binti wa Likasi (Jumamosi, saa 3 usiku)

Mama, kule madaktari huandikishwa na baraza la wataalamu wa afya liitwalo HPCSA, na orodha yake iko wazi mtandaoni. Mwombe daktari jina lake kamili na namba ya usajili, ulitafute mwenyewe kabla ya kulipa chochote. Asiyetaka kuitoa namba, muage. Akikutajia bei, mwambie akutajie kwa yuniti na aina ya dawa, na siku ya kuchomwa umwombe afungue kichupa mbele yako.

Usifanye kosa nililotaka kulifanya mimi, la kuchomwa asubuhi na kupanda basi jioni. Anza na sindano siku ya kwanza, kisha ununue mali yako, na upange kurudi nyumbani baada ya siku ya 14, daktari akiwa amekwisha kukutazama tena. Kama siku ni chache, niandikie, nina shangazi Yeoville, hapohapo Johannesburg, ambaye ana chumba.

Mama wa Kampemba (Jumamosi, saa 3 usiku)

Nitakuandikia. Mwambie shangazi ninapika bukari yangu mwenyewe.